Kwa Nini Vyungu Vilipasuka

Mama mkubwa ndiye aliyenifundisha kufinyanga. Nilipomaliza darasa la saba nilibaki nyumbani kwake, Misima, na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno, kazi ya udongo ilinifaa. Unautwanga, unautoa vijiwe, unaupandisha kwa mkono mpaka uwe chungu, na mchana unapita bila kulazimika kumjibu mtu.

Kwetu kuna mwiko wakati wa kuchoma vyungu. Moto ukishawaka, hakuna kuzungumza wala kusalimiana. Hata mzee wa kupewa shikamoo akipita anapita kimya, na salamu zinangoja mpaka moto ushuke. Wengine huuona mwiko huo mzito. Mimi niliupenda.

Mvua za masika zilipokwisha tulipata kazi kubwa. Mama lishe mmoja wa Kilole, kule Korogwe, alitaka vyungu vya kupikia maharage na mchicha wa nazi, maana wateja wake walikuwa wanaulizia chakula cha chungu. Alikuja mwenyewe, akachagua umbo analolitaka. Mama mkubwa akanigawia nusu ya kazi. Kabla ya hapo nilikuwa nafinyanga vifuniko na vyetezo vya kufukizia ubani tu. Vyungu vya kuuzwa kwa mtu wa mbali vilikuwa vya wakubwa.

Tulipochoma, tukasikia paa! ndani ya moto. Kisha paa tena. Tukabaki tunaangaliana, kwa sababu kusema hatuwezi. Majivu yalipopoa, zaidi ya nusu ya vyungu havikuwa na kitako.

Jirani yetu, naye mfinyanzi, akaja kutazama.

"Shoga, mimi nisingesema," akamwambia mama mkubwa, "lakini safari hii umeingiza mkono mgeni."

"Mgeni wapi? Huyu si mwanangu?"

"Mwanao, ndiyo. Lakini kuna watu udongo unawakataa. Mama mdogo wangu alikuwa hivyo. Akigusa chungu, pu! Wakamwambia akauze ndizi. Akatajirika!"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeinama naokota vigae.

Tulifinyanga upya. Nilidhani dawa ni kuongeza bidii, basi nilitwanga udongo mpaka mabega yakawaka moto, na vyungu vyangu nikavilainisha kwa gunzi mara mbilimbili. Tukachoma. Vikapasuka vingi kuliko mwanzo.

Jioni mama mkubwa akaniita. "Mwanangu, hii kazi ya mtu acha niimalize mwenyewe. Wewe tuletee kuni na maji."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Kwetu mwanamke akishaambiwa ana mkono mbaya, neno hilo humfuata hata kwenye ndoa. Hakuna atakayempa udongo wake aushike. Na mimi hakuna kitu kingine nilichokuwa nakiweza.

Kuleta kuni kuna faida moja: kichwa hakina kazi. Nilifikiri polepole, kama ninavyoandika. Kama ni mkono wangu, mbona na vyungu vyake vimepasuka? Nikaenda kwenye lundo la vigae nikavitenganisha, vyake huku, vyangu huku. Vyake navijua kwa mdomo, huumaliza mwembamba kama ukucha. Vyote, vyake na vyangu, vilikuwa vimepasukia chini. Midomo ilikuwa mizima.

Basi nikaacha kujiuliza nani. Nikajiuliza nini kimebadilika. Udongo tulichimba shimo lile lile. Kuni ni zile zile. Nikaifuata kazi yote kichwani, hatua kwa hatua, tangu jembe mpaka moto, na nilipofika kwenye kukausha nikasimama njiani na mzigo wangu wa kuni.

Kabla ya Ramadhani, kijana wa mama mkubwa anayefanya kazi Dar alimtilia saruji sebuleni, na tangu hapo hatukuwa tumechoma mpaka kazi hii ilipokuja. Sakafu inang'aa. Zamani tulikausha vyungu barazani, juu ya majivu, mbuzi wakawa wanaviangusha. Sasa vinakaa ndani, pasafi, na mlango umefungwa. Kabla ya kuchoma, kila mfinyanzi hugusisha chungu shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji, na maji hayo yakichemka motoni hukipasua. Lakini sisi hugusisha tumbo la chungu. Juu ya majivu ilitosha, maana majivu hunyonya maji ya kitako.

Niliingia sebuleni, walimokuwa wamekaa vyungu vipya vya mama mkubwa na vichache vyangu vilivyosalia bila kuchomwa, nikainua kimoja, nikaweka kitako chake shavuni. Baridi kama mtungi.

Kulijua jambo kulikuwa rahisi kuliko kulisema.

"Mama mkubwa," nikasema, "nadhani ni sakafu."

"Sakafu gani?"

"Hii."

"Sakafu ya mwanangu?" Akaacha kuchambua mboga. "Mwanangu atume saruji, vyungu vyangu vipasuke? Umeanza kusema kama huyo jirani?"

"Hapana, mama. Kitako hakikauki. Shika."

Hakushika. Nilibaki nimekinyoosha chungu, nikaogopa kitaanguka na nitakuwa nimejimaliza mwenyewe. Mwishowe akakipokea. Akaweka tumbo shavuni, kisha kitako, kisha tumbo tena, kisha kitako.

"Mh," akasema. Akanirudishia chungu. "Vitoe vyote. Na mbuzi utawafukuza wewe."

Nikavitoa. Nikamwaga majivu barazani, nikavipanga, na kila midomo ilipopauka nikavifudikiza ili jua lipate vitako. Mbuzi niliwafukuza mpaka sauti ikakauka, mimi nisiye na sauti. Shavu langu lilishinda jeupe kwa vumbi la udongo.

Siku ya kuchoma jirani alikuja akaketi karibu. Alitaka kusikia mwenyewe. Tulikaa kimya wote watatu, na moto nao ukawaka kimya mpaka ukashuka.

Mama mkubwa alivitoa kwa mti mrefu, kimoja kimoja, akivigonga kwa kidole. Vilikuwa vizima. Kimoja tu kilikuwa na ufa mdomoni, nacho ni changu.

"Si nilisema!" jirani akaruka. "Mkono huo!"

"Huo ni mkono, kweli," mama mkubwa akajibu. "Ameiga mdomo wangu kabla hajauweza. Hilo linafundishika."

Akanigeukia. "Kesho tuamkie shimoni. Mama wa Kilole bado anatudai, na nusu yako hujaimaliza."