Kichwa cha Mawese

Katika miaka ya vita kila mtu Rumonge, mji wetu wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa mtaalamu wa sauti. Mlio mmoja tu wa bunduki, na mtaa mzima ulikuwa tayari na jibu: "Ni juu, njia ya Kizuka," au "Apana, ni huku Gatete," kisha watu wakakimbilia upande mwingine. Nami nilijihesabu bingwa wa fani hiyo, hadi siku nilipoumwa sikio la kushoto nikaliziba kwa pamba. Milio ilianza mchana. Nikasimama, nikasikiliza kwa makini, nikachagua upande, nikakimbia kwa kujiamini kabisa, moja kwa moja kule ilikotoka. Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, ndiye aliyenikamata shati njiani.

"Weye!" akasema huku akihema. "Kila siku tunakuomba utoke nyumbani, unakataa. Leo umetoka, unaenda kuwasalimia?"

Alikuwa na haki. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma sekondari mpaka vita vilipofunga shule, nikabaki na fizike kidogo na meza chini ya dirisha, ambapo nilitengeneza redio za watu. Redio zilinijia mimi, mimi sikuzifuata. Lakini pamba ile ilinifafanulia jambo ambalo mwalimu wa fizike alilitaja haraka haraka kabla ya kengele: sikio moja linajua kwamba sauti ipo, masikio mawili ndiyo yanajua iko wapi. Sauti ya kulia hufika sikio la kulia kwanza. La kushoto huipata baadaye kidogo, tena ikiwa imefifia, kwa sababu kichwa kimesimama katikati kama ukuta. Ubongo hupima tofauti hiyo ndogo, ukakuonyesha njia ya kukimbilia.

Elimu hiyo ilikaa bila kazi mpaka kwaya ya yaya ilipotaka kuvunjika.

Yaya aliongoza kwaya ya kanisa la watu wa Kivu ya Kusini, watu wa wazazi wetu. Hakuna aliyesoma noti. Yaya alitunga wimbo wa sauti nne, akaufundisha kwa mdomo masika mazima. Ndipo wanaume wake wawili wa besi, mashemeji waliokamua mawese pamoja, wakasema Jumatatu wanapanda boti na familia zao kwenda Kigoma. Hakuna aliyewalaumu. Ila siku hiyo nilimkuta yaya jikoni, moto haujawashwa.

"Hawa batu wakienda, wimbo umekwenda," akasema. "Nani atafundisha besi? Mimi niko na sauti ya mwanamuke."

"Iko kaseti ya Noeli."

"Kaseti!" Tuliijua wote wawili. Ilirekodiwa kwa redio iliyowekwa juu ya meza ya mhubiri, na sauti zote zilirundikana kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika kikapu kimoja. Usingeweza kumchomoa mmoja ukamfuata.

"Nitakurekodia kwaya ili kila mtu abaki mahali pake," nikamwambia. "Utavaa ekuteri masikioni, utasikia nani yuko kushoto na nani kulia. Utamfuata mmoja mmoja."

"Na ukishindwa?"

"Sishindwi." Nimeshindwa mambo mengi maishani, lakini mengi yao yalihitaji kutoka nje.

Nilikuwa na redio-kaseti yenye matundu mawili ya maikro za kunasia sauti, la kushoto na la kulia, na maikro mbili nilizozing'oa katika mashine zilizokufa. Kilichokosekana kilikuwa kichwa cha kuzitenganisha.

"Tumia yako," yaya akashauri. "Iko na nafasi."

Kichwa changu, kusema kweli, kingegeuka kwa kila kelele. Nikachukua bidoni, dumu la plastiki la lita tano, nikabandika maikro kila upande kwa viraka vya mpira wa baiskeli. Ijumaa asubuhi nikavaa ekuteri, nikamwomba yaya azunguke bidoni akiimba. Balaa. Alisikika pande zote kwa pamoja, kana kwamba ametumbukia ndani ya tanki la maji. Nilikagua nyaya moja moja karibu saa nzima, nikizilaumu. Yaya akachoka kuzunguka, akaja, akagonga bidoni kwa kidole.

"Ni tupu," akasema. "Kichwa kitupu kinapiga kelele. Hiyo tunaijua hata bila fizike."

Akalitazama bidoni lake mwenyewe pale kwenye kona, limejaa mawese, mafuta ya mboga zetu za mwezi mzima.

"Chukua. Ila ukimwaga tone, utaimba besi wewe."

Mawese ya asubuhi yalikuwa mazito, karibu kuganda. Nikahamisha maikro, nikazifinyangia masikio kwa bugali wa muhogo, maana bila mikunjo ya sikio, sauti ya mbele na ya nyuma hazikutofautiana. Nikavaa ekuteri, nikafumba macho. Yaya akaimba, nikamsikia akipita nyuma ya shingo yangu, karibu kabisa, nikageuka kumtazama. Hakuwapo. Alikuwa mwisho wa ua, nyuma ya bidoni, akinicheka.

Jumamosi mchana kwaya ikasimama nusu duara, bidoni likiwa juu ya kigoda katikati: sauti ya kwanza kushoto, ya pili na ya tatu mbele, besi kulia kabisa, kila mtu mahali pake pa kanisani.

"Tumusalimie?" akauliza shemeji mmoja.

"Amahoro, muheshimiwa," akasema mwenzake, akiliinamia bidoni lenye masikio ya bugali.

Walicheka wote isipokuwa yaya. Betri nilikuwa nimezianika juani tangu asubuhi na zingetosha wimbo mara moja tu. Wakaimba mara moja. Wale wa besi waliimba kama watu wanaofunga mizigo vizuri. Tukamaliza mapema kabla ya saa ya kujifungia ndani. Jumatatu boti likaondoka.

Jumanne nikaweka betri nilizozivuna katika redio tatu za wateja, nikamvisha yaya ekuteri. Akafumba macho. Muda ukapita, mimi nikiuma kucha. Kisha akainua mkono wa kulia, akanyoosha kidole ukutani.

"Hawa hapa," akasema taratibu. "Wote wawili. Yule murefu iko nyuma kidogo."

Akageuka kuniambia jambo lingine, akashtuka. "Wananifuata! Nikigeuka, kwaya nzima inageuka!"

"Maikro zilikuwa kichwani, yaya. Kichwa sasa ni chako. Utakakogeukia, nao wanageukia."

"Basi waache," akasema, akajibandika ekuteri vizuri zaidi. "Waje wote."

Siku hizi naambiwa kuna kompyuta zinazopiga hesabu ndefu za kichwa na masikio ili zikuwekee ngoma kushoto na filimbi nyuma yako. Sawa, nazipongeza. Mawese yetu yalipiga hesabu hizo papo hapo bila kuonja betri, na Jumatano tukayapikia lengalenga, mchicha wa kwetu.

Lakini wimbo ndani ya ekuteri si wimbo kanisani. Wanaume waliobaki walijaribu besi mmoja mmoja, na sauti zao zikakataa kushuka. Yaya akanijia na ekuteri mkononi.

"Sikumwaga hata tone," nikamkumbusha.

"Sikiliza kulia tu. Wengine waache wapite."

Nikasikiliza kulia. Kwa majuma matatu nilikaa mezani pangu na wale mashemeji wawili karibu na sikio, nikiwaigiza kwa chini chini, na hakuna aliyelalamika kwamba nimejifungia ndani. Nilishuka walikoshuka, nikavuta pumzi walipovuta. Nilivijua hata vikohozi vyao.

Jumapili iliyofuata nikatembea hadi kanisani, safari ya dakika kumi ambayo kwangu ni uhamisho. Nikajipanga mwisho wa mstari, nyuma ya mtu mnene. Yaya akaniona. Akaja, akanisukuma kwa kiwiko hatua mbili zaidi kulia, pale hasa waliposimama wale wawili, kisha akarudi mbele na kuinua mkono.