Siku Nilipoiombea Damu ya Wakwe Zangu

Aibu hii nimeificha mwaka mzima, na hata sasa nikiwaona wamama wa ushirika wetu wa maombi pale Lanet navuka barabara, lakini wacha niseme, maana ni mimi niliyejimaliza mwenyewe, kwa mdomo wangu, mchana kweupe.

Mwanangu Brian ana miaka minne, hajaanza kuongea, na kifafa humwangusha. Daktari alipeleka damu yake kupimwa, majibu yakarudi kwamba kuna kipande kidogo cha kromosomu, zile nyuzi za urithi, kimejirudia, yaani mahali ambapo watu wengi wana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, yeye ana tatu. Akatutoa damu mimi na mume wangu Kamau, tujue kama kipande hicho kimetoka kwa mmoja wetu au kimeanza na Brian mwenyewe.

"Mzazi anaweza kuwa nacho na awe mzima kabisa," alisema. "Na si kosa la mtu."

Mimi nikashika hilo la kwanza tu, nikamkumbuka mjomba wa Kamau aliyekuwa akianguka kifafa, basi kesi nikaifunga hapo hapo (hakimu mimi, shahidi mimi).

Jumapili ile ushirika ulikuwa kwa mama mkwe. Njeri, dadake Kamau, alikuwa amechumbiwa, wageni wa kuja kumposa walitarajiwa baada ya wiki mbili, na mamake mchumba alikuwa amealikwa kusali nasi. Tukaulizwa nani ana ombi. Laiti ningenyamaza! Nikasimama, nikafumba macho, nikamwomba Mungu akate laana iliyo kwenye damu ya nyumba hii, nikamtaja mjomba kwa jina, nikalia, nikapandisha sauti, na kwa kweli nilijiona naomba vizuri. Nilipofumbua macho, mamake mchumba alikuwa anatafuta mkoba wake aondoke.

Wageni wa posa hawakuja. Walituma ujumbe kwamba vijana wasiharakishwe. Njeri alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Mwezi uliofuata majibu yetu yakatoka. Kamau hana kitu. Kipande ni changu, nimetembea nacho tangu kuzaliwa, nikila, nikicheka, nikihukumu watu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikampigia yule mama simu kumweleza. Akasema, "Nimesikia, Mungu awabariki," akakata. Nikarudi ushirika na Brian, nikasimama mbele ya wamama walewale, nikakiri kwamba ni mimi, si wakwe zangu, na moyoni nilitegemea wanikumbatie (mjinga hana dawa). Kisha Njeri akasema kutoka mlango wa jikoni, "Sasa Mama Brian, kwani hiyo laana ingekuwa ni yetu, ungekuwa umefanya poa?"

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa kuwasingizia, wala sikuwa nimefikiria kwamba mbele ya watu wote hao nilimwita mtoto wangu laana. Nikakaa chini nikalia, safari hii bila sauti. Brian akaenda kumshika shangazi yake sketi, naye akambeba.

Nimeapa sitamtafutia tena mtoto huyu mtu wa kulaumiwa, hadharani wala moyoni mwangu. Lakini kiapo changu hakijamrudishia Njeri mchumba wake.