Wifi Verla na Majike wa Msitu wa Orrin

Mwezi wa Novemba kwetu giza huingia kabla ng'ombe hawajamaliza kukamuliwa. Jumamosi ile ya kwanza ya msimu wa kuwinda nilisimama kwenye dirisha la jikoni mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yangu. Binti yangu Kaia alikuwa ameondoka na shangazi yake Verla, kila mmoja na kizibao chake cha rangi ya chungwa na bunduki begani. Karibu na machweo nilisikia mlio mmoja kutoka upande wa miche ya matofaa. Baada ya hapo, kimya.

Wanawake wengine wa bondeni wakisikia mlio mmoja hufurahi, husema huyo kapata. Mimi huwaza mguu wa mtu. Simu hazishiki huku kwetu. Viazi na nyama ya kusaga vilikuwa vimeshaiva kwenye oveni. Nikavitoa, nikavirudisha, nikavitoa tena. Mume wangu alipopita kutoka zizini kuchukua glavu alinitazama akacheka.

"Yuko na Verla. Ukitaka kumhurumia mtu, mhurumie kulungu."

Verla ni dada yake mume wangu. Anaendesha lori la kukusanya maziwa mashambani, kwa hiyo anajua ng'ombe wa nani ana homa na mume wa nani amehamishiwa chumba cha wageni. Ni mnene, ana sauti kubwa, na hucheka kabla hujamaliza kumsimulia. Hakuolewa. "Walinichumbia wawili," husema. "Mmoja hakuweza kuamka alfajiri, mwingine hakuweza kunyamaza msituni."

Baba yao aliwafundisha kwamba kulungu jike haguswi. Katika ujana wake kulungu walikuwa wachache, na mtu aliyeua jike alitazamwa kanisani kama mwizi. Watoto wakakua na mafundisho hayo, na kulungu nao wakazaana, mpaka siku hizi ukitazama shamba la mahindi jioni unadhani ng'ombe wa mtu wametoroka. Verla ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hadharani, kwenye chakula cha kanisani, kijiko mkononi.

"Mkiua dume mwenye mapembe mmepata pambo la ukutani. Mkiua jike mmepunguza watatu wa mwakani."

"Verla anawaonea wivu wenye watoto!" akadakia mzee mmoja.

"Nawaonea wivu wenye mahindi. Wewe umebakiwa na mangapi?"

Mzee akarudi kwenye sahani yake. Tangu hapo Verla hupiga majike tu. Nyama anaipeleka kwenye ghala la chakula la kanisa, na ziko familia zinazokula mchuzi wake hadi theluji inapoyeyuka.

Kwa upande wake yeye, anachokitaka duniani ni matofaa. Alipanda miche kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, kulungu wakaitafuna ikabaki vijiti. Akapanda tena, wakatafuna tena. Hii ya sasa ni mara ya tatu, na alishatuambia wazi kwamba ikiliwa ataing'oa, atauza sehemu yake ya shamba na kwenda kupanga chumba mjini. Aliposema hivyo hakucheka. Mimi nililala vibaya usiku ule, maana simjui mtu mwingine anayeweza kuniambia ninyamaze nikanyamaza.

Shida ni msitu wa jirani yetu, Orrin Buchholz. Kulungu hula kwetu, hulala kwake. Ua majike uwezavyo upande huu, wengine wako kwake wakipumzika, na Orrin haruhusu mtu kuingia. Chanzo chake ni shati.

Kwetu ukikosa shabaha unakatwa mkia wa shati. Kipande hupigiliwa msumari ukutani kwenye banda la trekta, jina lako likaandikwa chini yake. Hata mchungaji yupo pale. Mwaka mmoja Orrin alimkosa jike aliyesimama mbele yake kama anayesubiri kukamuliwa. Verla akamjia na mkasi, na sisi wengine tukapiga meza kwa vicheko. Orrin alikatwa, akavaa koti, akaondoka. Kesho yake, nikifagia banda, niliiona mishono ya kipande chake. Ilikuwa ya mkono wa Lucille, mkewe, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka huohuo. Lilikuwa shati la mwisho alilomshonea.

Nilipomwambia Verla, aliketi juu ya ndoo, hoi. Alikipeleka kipande kile kwa Orrin pamoja na keki. Mlango haukufunguliwa. Akaviacha kizingitini. Wiki hiyo mabango ya kukataza watu yakajaa kwenye miti ya Orrin, na kulungu wakayaelewa kuliko sisi.

Basi Jumamosi ile, nikiwa na viazi vyangu mkononi, taa za gari zikaingia uani. Kaia akafungua mlango.

"Mama, usianze. Wote tuko wazima."

"Hiyo damu?"

"Ya kulungu. Shangazi kampiga jike, lakini alipofyatua tu, jike akapiga hatua. Kapigwa nyuma. Karuka seng'enge, kaingia kwa Orrin."

"Yuko wapi shangazi yako?"

"Kwenye gari. Hataki kushuka."

Kwetu huvuki seng'enge ya mtu bila kubisha mlango wake kwanza, hata kama damu ya mnyama wako unaiona upande wa pili. Na kumwacha mnyama afe polepole kwenye baridi, Verla hawezi. Nilimkuta ameshika usukani, gari limezimwa.

"Wifi, panda," akasema. "Twende wote. Una uso wa mtu wa kuaminika."

"Nina uso wa mtu mwenye hofu."

"Ndio huohuo."

Bunduki tuliziacha nyumbani; Verla alibaki na kisu tu cha kummalizia mnyama. Orrin alikuwa na taa ya barazani inawaka. Verla alibisha, na sisi tukasimama nyuma yake.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Verla."

"Verla yupi?"

"Bondeni humu kuna Verla wangapi?"

"Mmoja. Anatosha."

Kaia akanibana mkono. Verla akavuta pumzi.

"Nimempiga jike, Orrin. Kaingia msituni kwako. Naomba ruhusa nimfuate."

"Umempiga wapi?"

"Nyuma."

"Sikusikia."

"Nyuma! Nimempiga vibaya!"

Kisha ile sauti, taratibu, kama mtu anayeonja peremende: "Verla Skaar kapiga vibaya."

"Ndiyo. Watangazie kanisani ukipenda." Halafu sauti yake ikashuka. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. "Orrin, sikujua kama ni Lucille aliyelishona. Nilijua kesho yake. Ningekuja tena, nikaona haya. Nimekuwa nikiona haya kila nikipitisha lori hapa. Ukitaka kunifukuza nifukuze, ila mtafute huyo jike wewe mwenyewe, asilale na maumivu."

Taa ya barazani ikazimika.

Tukabaki gizani, theluji ikituangukia mabegani. Nikamshika Verla mkono wa koti. "Twende, wifi," nikanong'ona. Yeye hakusogea. Mimi nilishaliona lile lori la maziwa likiendeshwa na mtu mwingine, na mteremko mtupu.

Ndani kitu kikaanguka, mtu akatukana kwa Kijerumani cha babu yake. Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka, na Orrin akatokea na tochi kubwa, buti moja mguuni na jingine kwapani.

"Nimezima taa ya nje ili macho yenu yazoee giza," akasema. "Hivi nyie hamjui kufuata damu? Atakuwa ameshukia kwenye kinamasi, huko ndiko wanakolala wote. Wako wengi kama panya. Wamenimalizia waridi za Lucille, mpaka mizizi." Akamtazama Verla kutoka kofia hadi miguuni. "Kesho uje na bunduki. Na uje na mtu anayejua kulenga."

"Nitamleta Kaia," Verla akasema, akifuta pua kwa glavu.

"Basi ingieni kwanza, mnaniingizia baridi. Nivae hili buti."

Akausukuma mlango wazi hadi ukutani.