Tian Iliyojengwa Tanurini

Siffrein Roumieu alikuwa mwashi, na mpaka mkewe Zélie alipofariki hakuwahi kupika hata yai. Wiki ya kwanza baada ya maziko alikula mkate na zeituni. Wiki ya pili akaingia jikoni, akautazama mwiko wa kupikia, akaurudisha ulipokuwa, akaenda stoo kuleta mwiko wake wa uashi. Akauosha vizuri. Tangu siku hiyo alipika tian, na hakupika kingine.

Hapa kijijini kwetu Vaubrune tian ni bakuli pana la udongo, na ndilo jina la chakula kinachookwa humo: mabiringanya, nyanya na mamumunye machanga, yote yamekatwa duara na kupangwa safu juu ya safu, yakamwagiwa mafuta ya zeituni na kufunikwa jibini. Kila nyumba hupika. Ila Siffrein alipika kwa pimamaji. Kipande cha nyanya hakikukaa juu ya kiungo cha safu ya chini, ni lazima kivuke, kama jiwe ukutani. Mimi nilikuwa na mkahawa pale uwanjani, na mara nyingi nilimwona kupitia dirishani kwake ameinama mezani, jicho moja limefumbwa, akikagua biringanya.

Dada yake, Norine, alikaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta. Jumapili moja alialikwa chakula. Akachoma uma, akainua kipande, akakitazama kwa ubavuni.

"Hii nini hapa katikati?"

"Jibini."

"Jibini inakaa juu, Siffrein. Mama aliweka juu tu."

"Dada, ukuta usio na chokaa katikati ni rundo la mawe."

"Mama hakuwa mwashi," akasema Norine, akaweka uma chini, akavaa kofia yake na kwenda zake.

Wakanuniana. Wakati wa baridi ukapita, majira ya kuchipua yakapita, hawa watu wawili wanasikiana wakikohoa ukutani lakini salamu zao zinapitia kwangu. "Bi Sidonie, mwambie huyo jirani yangu mfereji wake unavuja." Nami ningefanyaje, nikaufikisha ujumbe.

Ilipokaribia sikukuu ya mwezi wa nane, meya wetu, Bwana Garcin, akaja mkahawani na wazo. Safari hii kijiji kizima kile kutoka chombo kimoja, pale kwenye tanuri la zamani la mikate. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, aliyependa mawazo makubwa kuliko vitu vinavyohitajika kuyatimiza.

"Nani atatupikia?" akauliza.

"Mimi," akasema Siffrein kutoka kwenye kona.

"Una bakuli la kututosha?"

"Sina. Nitalijenga."

Na alilijenga. Kwa kuwa bakuli la ukubwa ule lisingepita kwenye mdomo wa tanuri, alijipenyeza mwenyewe ndani, kwa tumbo, kama panya buku, akalijengea humo humo. Tulimpitishia vigae vya sakafu na udongo laini. Akasimamisha kuta za bakuli, akaacha njia ya makaa pembeni. Udongo ulipokauka tukaanza kumpitishia mboga. Wanawake wa kijiji walikaa uwanjani wakikata, wanaume wakabeba ndoo, na kutoka ndani ya tanuri sauti ikawa inaagiza kama iko kazini: "Nyanya. Nyanya tena. Hizi nene, nani kazikata? Jibini. Lete jibini."

Norine alikuwa dirishani mwake, mikono kifuani. "Bi Sidonie," akaniita, "muulize anaweka wapi hiyo jibini."

Nikainama mdomoni mwa tanuri, nikauliza.

"Mwambie kila safu," ikajibu sauti.

Dirisha likafungwa.

Siffrein alipotoka, kinyumenyume, amejaa masizi na vitunguu saumu, tukasukuma makaa pembeni, tukauziba mdomo kwa udongo. Ikaokwa usiku kucha. Asubuhi ya sikukuu harufu ilishuka mpaka barabara kuu, na watu wa vijiji jirani wakapanda mlima bila kualikwa. Tarumbeta zikapigwa. Meya, na utepe wake wa rangi tatu kifuani, akatoa hotuba, kisha udongo ukabanduliwa.

Ilikuwa nzuri, nisidanganye. Imejaa tanuri zima, imeiva rangi ya dhahabu, inachemka taratibu kwenye kona. Watu walipiga makofi mpaka wakachoka.

Ndipo meya akamsogelea mpishi.

"Siffrein," akasema meya kwa sauti ya chini, "tunaitoaje?"

"Kuitoa?"

"Ndiyo. Kuitoa nje."

Siffrein akautazama mdomo wa tanuri, akaitazama tian. "Uliniambia nipike, Bwana Meya. Hukutaja kutoa."

Tulikuwa tumemwona sote akijenga. Tulimbebea vigae kwa mikono yetu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Fundi seremala akashauri mdomo ubomolewe. Siffrein akasimama mbele yake: ukiondoa jiwe moja la mdomo, dari lote linashuka kwenye chakula. Mwokaji akaleta koleo lake refu la mikate, akachota. Kilichotoka kilikuwa kitamu, lakini kilikuwa uji. Safu hazikuonekana. Siffrein akageuza uso kama mtu anayeona mnyama wake akichinjwa vibaya.

"Haichotwi," akasema. "Inakatwa. Na ya kukatwa inafuatwa ilipo."

Kwa hiyo tukangoja tanuri lipoe kidogo, tukaifuata ilipo. Meya akatangulia, maana ndiye mkubwa. Akaingia kichwa, mabega yakakwama, wanaume wawili wakamsukuma, akapita mpaka kiunoni, akakata kipande chake. Akaanza kula. Miguu tu ndiyo iliyobaki kwetu, na viatu vyeusi vinavyong'aa.

"Bwana Meya, kuna foleni," akasema mwokaji.

"Kwanza nilitaka kusema maneno machache," kikajibu kinywa kilichojaa, na akaanza hotuba ya pili humo humo. Padri akaona ni busara kuibariki miguu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo. Mwishowe tukamvuta kwa vifundo.

Mchana wote ukaenda hivyo. Anaingia mtu na uma, anapewa muda wa kutosha, anavutwa miguu, anaingia mwingine. Walioshiba walilala nyasini na majivu vichwani, wameridhika. Mtu wa kijiji jirani aliniuliza kama sikukuu yetu huwa hivi siku zote. Nikamwambia ndiyo.

Jua lilipoinama, mlango wa Norine ukafunguka, akatoka. Amevaa gauni lake jeusi la kanisani, ameshika uma wake mwenyewe. Foleni ikampisha bila kuambiwa. Hakujua, au alijua, sijui, kwamba Siffrein alikuwa humo ndani akiitengeneza kona iliyobomoka. Akaingia. Sasa miguu ikawa minne.

Dari la tanuri lile hukuza sauti. Uwanja mzima ulisikia.

"Sogea, umelalia gauni langu."

"Pole."

Uma ukagonga kigae.

"Kona hii imepinda."

"Meya aliiegemea."

Kisha Norine akasema, bila ukali, "Mama aliweka juu tu kwa sababu haikutosha. Ile jibini. Ilikuwa kipande kidogo, akaikwangua juu ili tuione."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajisifu shuleni kwamba yetu ndiyo bora. Ningekuambia nini?"

Tuliona viatu vya kazi vya Siffrein vikikaa tuli kando ya viatu vya kanisani vya Norine. Pale nje hakuna aliyetafuna. Mwokaji alivua kofia, sijui kwa nini.

"Chumvi imepungua," akasema Norine hatimaye. "Nipe na huo upande wako."

Wakakaa humo mpaka foleni ikakata tamaa.

Majira ya baridi yaliyofuata nilipoteza kazi yangu ya tarishi, maana walikuwa wakila pamoja kila Jumapili na kugombana uso kwa uso, sasa kuhusu kumenya au kutomenya biringanya. Wageni walipouliza kuhusu sikukuu ijayo, baraza la kijiji lilikutana, likajadili kwa makini sana mabakuli madogo mengi, na likayakataa. Badala yake meya akazunguka nyumba kwa nyumba na futi ya fundi cherehani, akipima kama mabega ya watu yatapita mdomoni mwa tanuri. Wote tulipita isipokuwa yeye. Sikukuu ilipofika alikaa kwenye kiti nje ya mdomo wa tanuri, utepe kifuani, na Norine, aliyekuwa amelala ndani, akawa anamnyooshea vipande kimoja kimoja kwa uma, akimwambia afumbue kinywa zaidi.