Ukuta wa Kiyoyozi

Mimi nina hasira za karibu, na baba alipopatwa na kiharusi hasira hizo zikapata kazi. Niligombana na godoro, nikagombana na mto, mwishowe nikagombana na jua lenyewe. Oktoba ya hapa kwetu Itetemia haina huruma kwa mgonjwa. Bati linalia, kuta zinatema joto mpaka usiku, na daktari alishatuonya kwamba baba asikae kwenye joto, maana alikuwa anazirai. Nikanunua kiyoyozi, kile cha kupoza wakati wa joto na kupasha chumba joto baridi ya Juni inapomkamata viungo. Nilidhani kilichobaki ni fundi kutoboa ukuta tu.

Kiharusi kilikuwa kimeondoka na maneno ya baba. Akitaka maji alitoa sauti isiyoeleweka, akaona hatujaelewa, akageukia ukutani machozi yakimtoka. Neno moja tu lilibaki zima: marahaba. Kitanda chake kilikuwa chumbani, chini ya dirisha linalotazama njia ya shambani, na kila apitaye alimsalimia kutoka nje. Wengine walisimamisha baiskeli kabisa.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba," anajibu, wazi kama zamani, na kwa kitambo hicho anakuwa tena mwenye nyumba.

Fundi alizunguka nyumba nzima akigonga kuta, kisha akachagua chumba cha baba. Boksi la nje, lile lenye feni, alitaka kulifunga chini ya dirisha. Pana kivuli, bomba litakuwa fupi, na maji yatapata pa kutiririkia. Nikakubali palepale. Mama alikuwa uani anakata viazi vitamu vya michembe, vile vya kuanika juani. Akanawa mikono bila haraka, akaja akasimama mlangoni.

"Dirisha litakuwa wazi?"

"Hapana mama, lazima lifungwe," fundi akasema. "La sivyo ubaridi wote utatoka nje."

"Na hilo boksi litapulizia wapi?"

"Huko njiani."

Mama akanitazama mimi, si fundi. "Sasa mwanangu, watu watamsalimia wapi baba yako?"

Nilijibu kwa ukali kwamba salamu haimzuii mtu kuzirai. Afya kwanza.

"Ukimfungia humu atapona joto, halafu atakuwa bubu," alisema, polepole, kama anayemwonyesha mtoto jinsi ya kupepeta mchele. "Chumbani kwa mzee nani ataingia? Kitanda kihamie sebuleni. Sebule ni ya watu. Mashine ikae ukuta wa nyuma, ipulizie uani."

Ni kweli, kwetu jirani haingii chumba cha kulala cha mtu mzima hata akiitwa. Atasimama mlangoni akichezea khanga yake. Fundi akalalamika kwamba bomba litakuwa refu na uani kuna jua. Mama akasema jua atalikinga kwa kibanda cha nyasi, na kama upepo wa moto utapita juu ya michembe yake, ahsante sana, itakauka mapema. Fundi akacheka, akachukua kamba yake ya kupimia akaenda nyuma. Mimi nikamshikia ncha ya pili bila ugomvi, jambo ambalo nyumbani kwetu hukumbukwa.

Mama hajawahi kulala kwenye chumba chenye kiyoyozi hata siku moja. Lakini alitazama mashine ile na mara moja akaona itatunyang'anya nini. Nimempenda maisha yangu yote. Siku ile nilimwonea fahari.

Watu walikuja. Tena walikuja wengi kuliko zamani, kwa sababu sebule yetu ilikuwa ndiyo baridi pekee mtaani. Kina mama walipiga goti, wakapiga makofi taratibu kama desturi, wakasalimia, kisha wakatafuta pa kukaa chini ya upepo. Jirani mmoja alisalimia asubuhi, na adhuhuri akarudi kusalimia tena.

"Ile ya asubuhi imeshapoa?" mama akamuuliza.

"Hii nyumba hakuna kinachokosa kupoa," akajibu, akavuta kigoda.

Baba alijibu wote. Marahaba, marahaba, mpaka sauti ikamkauka na mama akamnywesha maji.

Kisha alasiri moja, sebule imejaa, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Joto likashuka kutoka kwenye bati, watu wakaanza kujipepea kwa khanga, nami nikasubiri waage. Hakuna aliyeinuka. Mama akaenda kufungua dirisha la mbele, nalo linatazama njia ileile ya shambani.

Njiani alikuwa anapita mwanamke na mzigo wa kuni kichwani. Hakuweza kutuona ndani. Aliona tu dirisha limefunguliwa.

"Shikamoo baba!" akaita.

Kila mtu mle ndani alifunga mdomo. Khanga zikatulia. Tulimwachia neno lake.

"Marahaba," baba akasema.