Nilivyomwandika Mtoto wa Nassor

Nimekosa. Naanza na hilo, kwa sababu nikizungukazunguka ntajitetea, na utetezi sina. Jina langu sitalisema, mke wangu yu hai. Lakini kifua kimejaa, wewe unayenisoma, na umri umekwenda.

Kabla ya mwaka sabini nlikuwa karani wa skuli ndogo ya serikali hapa Maskati. Vyumba vitatu na ua wa changarawe. Watoto wa kiume tu, tena wachache. Nafasi ya darasa la kwanza ilitafutwa kama maji ya kunywa! Wanaume wazima walikuja kunibusu bega kwa ajili ya mtoto wa miaka saba.

Kazi yangu ilikuwa daftari la kuandikisha. Jina la mtoto, baba yake, kabila, mahali alipozaliwa. Hapo pa mwisho ndipo penye meno. Sisi tuliokimbia Unguja baada ya mapinduzi, wengi Sultani wa wakati ule hakuturuhusu kuingia Omani. Wengine waliingia kwa hila. Mimi nliingia kwa Nassor.

Nassor alikuwa jirani yangu Unguja, mlango kwa mlango. Ami yake alikuwa na nyumba Darsait, hapa hapa Maskati, mtu wa kuheshimika. Nassor akamwambia, "Ami, huyu naye mwanao. Mimi siingii bila yeye." Mzee akatuombea ruhusa sote wawili, kila mmoja kwa karatasi yake, kwamba tu wanawe, tumezaliwa hapa hapa na watoto wetu pia. Tukaapishana: Kiswahili ndani ya nyumba, nje Kiarabu, na Unguja hatuijui.

Watoto wetu wakafika umri wa skuli pamoja. Wangu Suleiman, wake Khalfan. Mwalimu mkuu akaniita.

"Imebaki nafasi moja," akasema. "Waandike hawa wawili sawasawa, daftari linakwenda juu kwa wakubwa. Wao watachagua."

Astaghfirullah! Nlikaa na kalamu mpaka wino ukakauka nchani. Halafu nkaandika. Suleiman: Maskati. Khalfan: Unguja.

Hata uongo sikumzulia! Uongo nlimpa mwanangu, mwenzangu nkampa kweli, na kweli ile ndiyo iliyomchoma. Nlijiambia watamkataa mtoto tu, atasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, mwakani atajaribu tena. Lakini nlijua. Anayeulizwa mtoto kazaliwa wapi, kesho ataulizwa baba kaingia vipi.

Suleiman akapata. Nassor akaja kwangu na sahani ya haluwa.

"Mabruk, ndugu yangu! Wangu mwakani, inshallah."

Nkala haluwa ile. Nkaila!

Hazikupita siku nyingi. Baada ya Alasiri watu wawili walifika dukani kwake, wapole, nguo safi. "Bwana Nassor, dakika moja tu. Kuna suala dogo la mtoto." Akainuka, akavaa kofia vizuri, akamwomba jirani amtazamie duka. Hakurudi, na ami yake wa kumtetea alikwisha fariki.

Mkewe, Bi Zuwena, akawa anakuja kwangu. "Shemegi, wewe unajua kuandika. Niandikie barua, niwaulize wamemweka wapi. Wakinambia nitampelekea hata dawa, ana kifua yule."

Nkamwandikia. Akatia dole gumba. Nkamwambia nimeipeleka, na sikuipeleka! Nliogopa mwandiko wangu. Wangeuweka na daftari, wangemjua aliyeandika, wangeanza kuniuliza mimi nazijua vipi habari za mtoto yule. Barua tatu nlizitia motoni mwenyewe. Na kila akija, Bi Zuwena ananiletea mandazi ya shukrani.

Skuli nayo ikanigeukia. Kivuli kikipita mlangoni, nafunga daftari. Siku moja Suleiman akaniuliza, "Baba, Khalfan kakosa nini?" Nkamzaba kofi. Mtoto wa miaka saba!

Ukaja mwaka sabini. Sultani mpya akashika nchi, mambo yakafunguka, watu wa Unguja wakaanza kurudi huku, wengine kwa ndege. Skuli ikafurika, na skuli nyingine zikafunguliwa, hata za wasichana. Nkashika daftari jipya. "Mtoto kazaliwa wapi?" Wananijibu kwa sauti kubwa: Unguja! Pemba! Unguja! Nnaandika, na hakuna anayeulizwa kitu.

Waliofungwa nao wakatolewa. Mzee mmoja, kakonda kama ukuti, akaja kwa Bi Zuwena. Mimi nlikuwapo, nimekaa pale kama mtu wa nyumbani.

"Nlikuwa na Nassor chumba kimoja," akasema. "Alifariki joto la mwaka wa pili. Kifua. Walikuwa wakimuuliza, uliingia na nani? Kila wakimuuliza anasema, peke yangu."

Ya Rabi! Hapo sikuweza tena. Nkasema yote, mbele ya mgeni, mbele ya Khalfan.

Bi Zuwena hakulia. Aliniuliza, "Na barua zangu?"

"Nlizichoma."

"Zote?"

"Zote."

Kisha akasema, "Ya daftari ungenambia ni khofu, labda ningesikia. Lakini mume wangu alikuwa hai, yuko mwaka mzima na zaidi yuko hai, na mimi nakaa hapa nakukaangia mandazi."

Akajitanda ushungi, akanionyesha mlango.

Wamehamia kijiji cha Bustan, kwa kaka yake. Tukikutana msibani naitoa salamu, anaijibu kwa kuwa kuijibu ni faradhi. Khalfan hanijibu. Na Suleiman wangu, alipokuwa mtu mzima akayasikia, aliacha kula kwangu.

Basi nyie mnaoshika majina ya watu, makarani, walimu, mabwana wa ofisi, nakuombeni. Khofu itakuja, hakuna asiyeogopa. Lakini mkishamtumbukiza mtu, kasemeni siku ile ile, kwa mkewe, kwa mamake, kwa yeyote anayemtafuta. Msingoje mpaka awe hana tena haja ya dawa.