Upande wa Mlima, Upande wa Mto

Hadi leo, nikisikia harufu ya gundi, namwona nyanya akichuma kahawa ambayo haipo, amekaa kwenye kiti chake cha barazani.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwetu Githongo. Magoti ya nyanya yalikuwa yamekataa mteremko, na kahawa yake ilikuwa kule chini kabisa. Baba alitaka kuing'oa apande avokado. Miche ilishaletwa, ikawa inanyaukia uani. Nyanya alishikilia neno moja: "Haking'olewi kitu ambacho sijakiona." Kubebwa mgongoni alikataa katakata. Ati yeye si gunia!

Ndipo shangazi Kananu, dada yake baba, akaja kutoka mtaa wa Majimbo kule Embu na kamera yake. Alisimama mbele ya mibuni, akaegemea mguu wa kushoto, akapiga picha. Akahamia mguu wa kulia, akapiga ileile tena. "Kila jicho na picha yake," akaniambia. Nikabaki nikifumba jicho hili, nikifumba lile, nikiona mbuni ukiruka. Jamani, kumbe macho yangu hayajawahi kukubaliana hata siku moja!

Alizisafishia picha Embu, akazibandika kwenye kadi, moja ubavuni mwa nyingine, akarudi na kiboksi chenye lenzi mbili, cha kuziunganisha machoni ziwe shamba moja lenye mbele na nyuma. Nyanya akachungulia. Kisha akauliza, "Kananu, mbona migomba ya jirani imekuja mbele, kahawa yangu ikarudi nyuma? Amevuka mpaka?"

Nikachungulia pia, macho hayana pazia. Kweli, migomba ilikuwa imesogea karibu, na matawi ya kahawa yalikuwa kama matundu yaliyotobolewa ndani yake. Kichwa kiliniuma, lakini sikutaka kuachilia kile kiboksi.

Shangazi akabandua picha. Nyuma alikuwa ameandika kwa penseli: mlima, mto. Kwetu, kushoto na kulia ni maneno ya shuleni; shambani kuna upande wa mlima na upande wa mto. Alipopiga picha, mlima ulikuwa kushoto kwake. Lakini mezani kwake Majimbo mlima ulikuwa kulia, na picha ya "mlima" akaibandika huko huko, mbele ya jicho lisilo lake!

"Ngai! Mama, nimekubadilishia macho," akasema, akicheka hadi machozi.

Akazibandika upya. Gundi haijakauka, nyanya akachungulia tena. Mkono wake ukanyooka wenyewe, vidole vikachuma mbivu na kuruka mbichi, tawi hadi tawi. Tulimwacha. Alipotua kiboksi, alijipangusa uso kwa leso.

"Sasa ng'oeni," akasema.

Nililia kwa hasira. Nilidhani picha imekuja kuiokoa ile kahawa, na sikumsalimia shangazi vizuri hadi Krismasi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba nyanya hakuwa akiizuia kahawa yake. Alitaka kuiaga tu, na mtu haagi kitu asichoweza kukifikia kwa mkono.